Laki tisa za bamdogo, makochi ya ukutani na spika ya katikati

Bamdogo wangu wa Gungu, hapa Kigoma, alinipigia simu jumapili asubuhi, shikamoo yangu hata hajamaliza kuiitikia, akasema mwanangu nina laki tisa hapa, nataka sebule yangu ilie kama ukumbi wa sinema, njoo leo leo. Nikamuuliza bamdogo umeshanunua chochote? Kimya. Nikarudia. Akasema "nimetoa advansi kidogo tu, elfu thelathini, kuna mtu ananishikia mzigo wa Japani."

Nikavaa ndala nikaenda.

Naiandika habari hii yote toka mwanzo kwasababu kuna sehemu nilimwokoa mzee na kuna sehemu nilikosea mimi mwenyewe, tena nilikosea kwa kujiamini kabisa, mbele ya mamdogo, na ye ndo alikuwa sahihi. Mi si fundi wa kusomea, nimeanza kufungua redio niko la sita pale Ujiji na mpaka leo nafungua.

Kwanza jina la mashine tuliyokuwa tunaitafuta, risiva. Ukisema risiva Kigoma nusu ya watu wanaelewa king'amuzi cha dishi. Sefu, kijana wa bamdogo, alishatumwa Mwanga sokoni kuulizia bei za risiva akarudi na bei za ving'amuzi vitatu vimeandikwa vizuri kwenye karatasi. Ninayoiongelea mimi ni lile boksi zito lenye ampu ndani yake, yaani kikuza sauti, lina matundu ya kuchomeka TV, deki na simu, lina redio yake ya FM, na nyuma lina vishikio vya waya za spika tano na kuendelea. Ukitaka msipotezane na fundi mwambie ampu ya spika tano, atakuelewa.

Sasa ule mzigo wa Japani. Ulikuwa kwa jirani anayeuza vitu vya mtumba, risiva ya boksi kubwa jeusi, nzito kama dumu la mawese, taa za bluu, bei 150,000. Kwa macho nzuri sana na ndani ilikuwa haijaguswa na mtu. Nikaigeuza nyuma, imeandikwa 100V 50/60Hz. Kwangu biashara ikawa imeisha, kwa bamdogo ndo kwanza ilikuwa inaanza maana jirani alishamwambia ukichomeka inawaka tu. Itawaka kweli, mara moja. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, wa kwetu 230, yaani unaipa zaidi ya mara mbili ya ilichozoea, ukiwa na bahati fyuzi inakatika, ukikosa bahati transfoma inaondoka na harufu inabaki sebuleni. Mizigo ya Marekani nayo ni ya kuangalia hivyo hivyo, 120V, tena nyingi zimeandikwa 60Hz peke yake wakati sisi tuko 50Hz, kwahiyo hata ukiishushia volti bado transfoma ya ndani inafanya kazi na joto kuliko ilivyopangiwa. Za Ulaya zimeandikwa 230V 50Hz, hizo unachomeka moja kwa moja, na zipo nyingine zilizotengenezwa kwa soko la Asia na Uarabuni zina swichi ndogo nyuma ya kuchagua volti, hizo hakikisha tu swichi iko upande wa 220-240 kabla hujagusa soketi.

Jirani akasema sasa si mnunue transfoma ya kushusha. Ni kweli inawezekana na wapo watu zinapiga miaka na miaka. Ila transfoma ya kweli ya kubeba risiva ya vile, VA 500 hivi, bei niliyopewa Mwanga ilikuwa 110,000, jumlisha na 150,000 ushafika 260,000 na una maboksi mawili yanayotoa joto badala ya moja. Alafu kuna jambo watu hawalijui kabisa, redio. FM ya Japani inaanzia 76 na hizi za zamani zinaishia 90, wakati kwetu redio ziko kati ya 88 na 108. Bamdogo bila redio hajalala, taarifa ya habari, salamu, zilipendwa, na stesheni zake karibu zote ziko juu ya 90. Nilipomwambia hiyo mashine karibu redio zako zote haitazishika ndo akakubali, yale ya volti yalimpita kama upepo. Advansi ilirudi elfu ishirini, ile kumi jirani akasema ya usumbufu. Tukaiacha, ni jirani.

Tulipita na madukani pia, coz Sefu alikuwa na boksi lake la moyoni, sabufa kubwa yenye spika nne na mataa, imeandikwa mbele 12000W PMPO. Nikamwambia geuza nyuma usome kibandiko. Nguvu inayokula kutoka ukutani, wati 65. Sasa nieleze kitu kinachokula 65 kitatoaje 12000, hata jenereta haina uchawi huo. PMPO ni namba ya kupambia boksi. Namba ya kuiamini inaitwa RMS, nguvu inayoweza kutoka mfululizo, na kama haijaandikwa basi soma ile ya nyuma ya umeme inaokula, nguvu halisi kwa kawaida itakuwa chini ya hapo. Muuzaji alinuna lakini hakubisha.

Bamdogo naye akauliza swali la maana, sasa wati ngapi zinatosha? Jibu langu lilimshangaza, kwa sebule yake anatumia wati moja mpaka tano muda mwingi. Spika ya kawaida ya rafu ukiipa wati moja tu inatoa kama desibeli 88, kipimo cha ukubwa wa sauti, ukiwa mita moja mbele yake, hiyo tayari ni kelele. Kuongeza desibeli 3 unahitaji wati mara mbili, na ili sikio lako liseme hii sasa ni mara mbili ya sauti unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwahiyo risiva ya wati 50 na ya wati 100 zimepishana desibeli 3 tu, hata mamdogo jikoni hatagundua. Lakini spika ya desibeli 91 badala ya 88 ni sawa na mtu kakuongezea ampu bure. Hela ziende kwenye spika, ampu iwe ya kutosha tu.

Sebule yenyewe nikaipima kwa hatua, kama mita 4 kwa 5, chini tailizi, juu jipsamu, madirisha mawili yana mapazia mepesi. Nikasimama katikati nikapiga kofi moja, ikarudi na mlio kama wa chupa. Chumba cha hivyo hata ukileta spika ya milioni tano maneno yatakuwa kama mtu anaongea ndani ya pipa. Nikasema hapa zulia kwanza. Bamdogo akasema mimi nimekuita habari ya spika we unaniletea zulia, mamdogo akadakia kutoka mlangoni "zulia nilishasema toka mwaka jana." Hapo nikawa nimepata mshirika.

Alafu nikauliza swali ambalo nadhani wauzaji hawaulizi kabisa, nyie humu ndani mnaangalia nini? Bamdogo: mpira, redio, rumba za Kongo na dansi za zamani. Mamdogo: tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili. Sefu na wadogo zake: muvi za flashi, zile zilizotafsiriwa, ambapo kuna jamaa anaongea juu ya filamu nzima. Hakuna hata mmoja mwenye diski yenye sauti ya 5.1, yaani njia sita za sauti, ndo naziita chaneli, wala anayelipia filamu mtandaoni. Muvi ya kutafsiriwa hata kama kule ilikotoka ilikuwa na chaneli sita, ikishapita kwa mtafsiri inatoka chaneli mbili tu na sauti yake imekaa katikati ya zote. Rumba ni chaneli mbili. Redio mbili. Tamthilia nazo kwenye kile king'amuzi chao zinatoka mbili.

Basi mi nikahitimisha palepale, chaneli mbili spika mbili, kwisha. Spika mbili nzuri na risiva ya heshima, mambo ya spika tano ni kugawanya umasikini kwenye kona tano. Nililisema kwa sauti ya mtu anayejua. Hilo ndo kosa langu, na tutalifikia.

Risiva niliichagua ya miaka ya 2000 mwanzoni, ya kabla ya HDMI, ule waya mmoja wa picha na sauti, na sikufanya hivyo kwa bahati mbaya. HDMI ilitoka 2002 na ule mpango wa sauti kurudi kutoka kwenye TV kwenda kwenye risiva kwa waya huo huo, ARC, ukaja 2009, kwahiyo watu wote wanaokimbilia HDMI wanaziacha hizi za zamani na bei inashuka wakati ampu zake ni nzito na zimetulia. TV ya bamdogo, inchi 43, nilishaichungulia nyuma ina tundu la optiko, la kutolea sauti kwa mwanga, lile lenye kamlango, ukiingia kwenye giza unaona kataa kekundu ndani. Hilo linatosha. King'amuzi kinaingia kwenye TV, flashi inaingia kwenye TV, TV inatoa sauti yote kwa optiko kwenda kwenye risiva, na kwenye menyu ya TV unachagua PCM, sauti isiyobanwa, ili isilete ubishi. Kama TV yako haina tundu hilo angalia la masikioni au yale ya AV ya kutolea sauti, itafanya kazi ila volyumu na kelele za umeme zitakusumbua kidogo.

Tulipata Yamaha ya familia ya RX-V, toleo la Ulaya, 230V, kwa mtu wa Dar anayeuza mitumba ya Uingereza, 310,000, na pea ya spika za rafu za mbao, wufa (ile ya besi) inchi tano na nusu, kwa 200,000. Nilimtuma rafiki yangu akakague tukiwa kwenye simu ya video. Kitu cha kwanza ule ukingo wa sponji unaozunguka karatasi ya wufa, ukiwa wa sponji unaoza wenyewe ukifikisha miaka kumi na tano ishirini hata kama spika haijapigwa, ukiugusa unabaki kidoleni kama majivu. Wa mpira ndo unadumu. Hizi zilikuwa za mpira. Kitu cha pili sukuma karatasi taratibu kwa vidole vyote pande zote, ukisikia inakwaruza ndani koili imeshaungua au imepinda, acha. Cha tatu weka sikio kwenye kila twita, kale kadogo ka sauti kali, wimbo ukiwa unapiga, maana twita hufa kimya kimya na muuzaji anapandisha volyumu husikii tofauti. Cha nne kwenye risiva, zungusha volyumu polepole usikie mikwaruzo, na washa kila chaneli. Mikwaruzo ya volyumu inasafishika, chaneli iliyokufa ni safari nyingine.

Mzigo ulikuja na basi, 30,000, umefungwa kwenye blanketi na maboksi ya mayai. Seremala wa Mlole akatengeneza stendi mbili za mninga 50,000 ili twita zikae usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Waya nilinunua wa shaba wa milimita za mraba 1.5, mita 14, elfu moja na mia tano mita, na wala msidanganywe na waya za dhahabu kwa umbali wa mita saba kila upande.

Sefu siku hiyo alitoka stoo na spika tano za homu thieta ya zamani, ile ya deki na spika kwenye boksi moja, deki ilishakufa. Anataka tuzifunge zote. Nyuma zimeandikwa 3 ohm. Risiva nyuma imeandikwa 6 ohm na kuendelea. Nikamweleza kwamba ohm, yaani ukinzani wa spika, ikiwa ndogo spika inavuta umeme mwingi zaidi kutoka kwenye ampu, ukifunga ya 3 kwenye mashine iliyotaka 6 unaidai mara mbili ya ilivyojipangia, itachemka na kujizima, au isijizime. Na hizo ni karatasi za inchi tatu, hazina kitu ndani. Dogo akafikiria kidogo akauliza "na nikifunga mbili zifuatane kwenye waya mmoja?" Nikacheka kwa furaha kabisa maana ndo hesabu yenyewe, 3 na 3 zikifuatana ni 6. Nikamwambia ziweke, tutaziongelea.

Tukawasha. Rumba ikapiga na mi nikakunja uso. Besi hamna, sauti ya mwimbaji haikai popote, inaelea kama moshi. Bamdogo anasema nzuri nzuri lakini mi nilijua, waya za spika moja zimegeuzwa, nyekundu imeenda kwenye nyeusi, spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta na besi zinauana katikati. Waya wote ni wa rangi moja na Sefu alikata kwa haraka. Kuna njia ya kijiweni ya kujua, chukua betri ndogo ya volti 1.5 ile ya rimoti, gusisha ncha za waya sekunde moja tu, karatasi ikiruka kuja mbele basi waya ulio kwenye chanya ya betri ndo wa nyekundu, ikirudi ndani umegeuza. Tukarekebisha, na ile besi iliyotoka bamdogo akakaa chini. Hakusema kitu wimbo mzima. Sefu akaniangalia, mi nikamwangalia, tukajua kazi imekubalika.

Kwa hiyo nikaondoka nikiwa mshindi.

Siku ya tatu simu ya mamdogo. "Baba, hiyo redio yenu nzuri lakini mi watu siwasikii wanachosema." Nikadhani ni zulia, hawajanunua bado. Nikaenda jioni wakati wa tamthilia, nikakaa kwenye kochi langu la siku zote linalotazamana na TV, maneno safi kabisa kama mtu yuko mbele yako. Nikamwambia mbona safi mamdogo? Akasema njoo ukae ninapokaa mimi.

Anapokaa ye ni kochi la pembeni, karibu na mlango wa jikoni. Na hapo ndo nikaona kile ambacho nilikuwa nakiona toka nazaliwa bila kukiangalia. Sebule zetu makochi yamepangwa ukuta kwa ukuta, kama herufi U, meza katikati. Mtu mmoja au wawili ndo wanatazamana na TV, wengine wote wako pembeni, na wakija majirani siku ya mpira kuna watu chini kwenye mkeka na mmoja amekaa kwenye stuli mlangoni. Spika mbili zinatengeneza sauti ya katikati kwa yule tu aliye katikati. Yule wa pembeni yuko mita mbili kutoka spika ya kushoto na mita nne kutoka ya kulia, sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwahiyo ya kushoto inamfikia mapema kwa kama sehemu 6 za elfu za sekunde. Utasema hiyo si kitu, lakini sikio linamwamini anayefika kwanza. Kwake ye maneno yote yanatokea kwenye spika ya kushoto pembeni ya sikio, mbali na midomo ya watu kwenye TV, yamechanganyika na muziki na milango inayogongwa, na ile ya kulia inachelewa kuja kuchafua tu. Juu ya hapo tailizi.

Na humu ndani maneno ndo kila kitu. Muvi ya kutafsiriwa bila kumsikia mtafsiri ni nini? Tamthilia bila maneno? Mtangazaji wa mpira? Nilikuwa nimehesabu chaneli za muvi nikasahau kuhesabu makochi.

Nikakubali kosa palepale, nikamwambia mamdogo umeniweza. Dawa ilikuwa spika ya katikati, ile ninayosemaga ni ya kupamba. Na bahati yetu risiva ile ina kitu kinaitwa Dolby Pro Logic II, kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, kazi yake ni kuchukua sauti ya chaneli mbili na kuigawa upya, yaani chochote kilicho sawa kushoto na kulia anakivuta anakiweka kwenye spika ya katikati, na vilivyotofautiana anaviacha pembeni. Mtafsiri wa muvi yuko sawa pande zote, waigizaji wa tamthilia vile vile, mtangazaji vile vile. Wote wanahamia katikati chini ya TV, na ukiwa umekaa mlangoni au kwenye stuli maneno yanatoka kwenye TV.

Tukapata spika ya katikati ya mtumba kwa 85,000 na usafiri 15,000, si ya kampuni moja na zile mbili, na kusema ukweli mtu akitembea kutoka kushoto kwenda kulia kwenye picha sauti yake inabadilika rangi kidogo, mi nasikia, wao hawasikii na wala sijawaambia. Inafaa zifanane ukiweza. Tuliiweka chini ya TV, mbele kabisa ya ukingo wa meza ili meza isirudishe sauti, nikaiinulia pua kwa vipande viwili vya ndala ya zamani iangalie nyuso za watu. Kisha kwenye menyu ukaja ule mlio wa shaa unaopita spika moja moja, nikakaa kwenye kochi la mamdogo na sio langu, nikaipandisha ya katikati desibeli 3 juu ya zingine. Umbali nikaupima kwa futi ya fundi cherehani nikauingiza kwa mita. Mamdogo alikaa dakika kumi hajasema neno, alafu akasema sasa nyamazeni basi.

Kwa rumba unazima Pro Logic, unarudi spika mbili. Bamdogo ameshajua kitufe.

Ya besi ilikuwa rahisi na karibu bure. Kulikuwa na sabufa yao ya zamani, boksi na vispika viwili, bamdogo anataka kuiuza elfu sitini. Nikamzuia. Risiva ina tundu moja nyuma limeandikwa la sabufa, linatoa besi tupu bila nguvu, na sabufa hizi za kwetu zina ampu yake ndani na tundu za AV za kuingizia. Waya wa 5,000, vispika vyake vidogo ukavichomoa, boksi kubwa likabaki linapiga besi peke yake. Kwenye risiva nikaandika spika zote ni ndogo ili besi za chini ziende kwenye boksi na wufa za inchi tano zipumzike. Sio sabufa ya kutisha, chini kabisa haifiki, lakini ngoma inasikika tumboni kidogo. Pa kuiweka nilipatafuta kwa ile njia ya kuiweka juu ya kochi unakokaa ukatambaa sakafuni kutafuta pembe ambayo besi imekaa vizuri, pale unapoisikia vizuri ndo unapoiweka. Watoto wa jirani walikuja dirishani kuniangalia natambaa. Pembe ya ukutani inaongeza besi lakini kwa huyo ilikuwa inavuma kama pipa, tukaisogeza hatua moja na nusu kutoka kona.

Wiki ya pili ikaanza kujizima yenyewe saa mbili usiku. Nilijua ni umeme, nilishawapa gadi ya kulinda umeme ukicheza, ya 45,000, inayosubiri dakika chache kabla ya kuurudisha, maana hata baada ya mji kutoka kwenye majenereta ya dizeli na kuingia gridi jioni volti bado zinacheza. Nikaja na mita yangu, umeme uko sawa kabisa. Nikageuka kuangalia risiva. Ina kitambaa cha kudarizi juu yake, kizuri, cheupe, kimefunika matundu yote ya hewa, na juu ya kitambaa chombo cha maua ya plastiki. Mashine ile ikipiga kwa muda wa saa mbili inatoa moto kama pasi iliyowekwa hapohapo, inahitaji kiganja kizima cha hewa juu yake. Nilikiongelea kitambaa kwa adabu sana. Tuliafikiana kihamie kwenye boksi la sabufa, ambalo halina matundu juu, na maua nayo yakaenda.

Ya radi nimewaandikia kwenye karatasi, masika ikianza kunguruma chomoa gadi ukutani na waya wa dishi kwenye king'amuzi pia, maana radi ikipitia dishi inaingia king'amuzi, inapita HDMI inaua TV, na gadi iliyoko ukutani haijui kitu.

Hesabu ikasimama hivi, risiva na spika mbili 510,000, usafiri wa kwanza 30,000, stendi 50,000, waya za spika 21,000, gadi 45,000, optiko 12,000, kidude cha blutuu cha simu 20,000, spika ya katikati na usafiri wake 100,000, waya wa sabufa 5,000, elfu kumi ya jirani, na zulia la mamdogo 60,000. Jumla 863,000. Zulia limebadilisha sebule kuliko gadi, optiko na blutuu kwa pamoja, lile kofi langu sasa linarudi kavu.

Imebaki 37,000 na Sefu anaitaka yote. Ameshafunga vile vispika vya 3 ohm viwili viwili vikifuatana, vinne, amevipima kwa mita yangu vinasoma 5 na pointi kadhaa, ambayo ni kawaida maana mita inasoma chini kidogo ya kilichoandikwa, na anataka kuvitundika ukuta wa nyuma. Kwa nyuma sina tatizo navyo, huko zinaenda kelele za uwanjani na mvua za kwenye muvi tu. Tatizo ni mamdogo, kasema waya usipite juu ya picha ya harusi, na picha ya harusi iko katikati ya ukuta.

Nimemwambia Sefu azungushe chini, anunue mita sita zaidi.